Oksijeni Nyingi na Mapafu ya Mtoto Njiti

Hewa unayovuta hapo Bweri, Musoma, ina oksijeni takriban asilimia 21. Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, huenda akahitaji zaidi ili aishi. Je, kwa nini asipewe tu asilimia 100?

Oksijeni ikizidi kwa muda mrefu:

(i) Kemikali kali zitokanazo nayo huharibu seli za mapafu.

(ii) Vifuko vya hewa huacha kugawanyika. Hubaki vichache na vikubwa.

(iii) Eneo la kubadilishana gesi hupungua, hivyo mtoto hupumua kwa shida.

Kumbuka: Oksijeni ni dawa, nayo ina kipimo. Kwa njiti anayepewa oksijeni, muuguzi hulenga damu yake ibebe asilimia 90 hadi 95 ya oksijeni inayoweza kubeba.