Gari la mtumba linaingiza maji? Usikubali kupakwa silikoni tu

Umevua dagaa Goziba miaka kadhaa, umejibana, ukavuka ziwa kwenda Bukoba kununua gari la mtumba. Ukaliacha kwa ndugu yako Muleba, ukarudi kisiwani. Mwezi mmoja baadaye unafungua mlango: harufu ya uvundo, kapeti limelowa, viti vimeota ukungu.

Kwa Kagera hili si la kushangaza. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Gari lenye upenyo mdogo ambalo Dodoma lingekaa miezi bila kujulikana, huku linaumbuka mapema tu.

Maji yanapita wapi?

- Kioo cha mbele kilichobadilishwa bila gundi kukaa vizuri.
- Raba za milango na buti zilizochoka.
- Vifereji vya dirisha la juu vilivyoziba kwa majani na vumbi.
- Taa za nyuma ambazo raba zake zimekauka.
- Bomba la AC lililoziba. Hapa kapeti linalowa hata siku ya jua, mara nyingi upande wa abiria.

Ukiona majimaji yenye rangi na harufu tamutamu, hiyo si mvua. Ni maji ya rejeta yanavuja kwenye hita.

Usipuuze. Maji yakikaa chini ya kapeti yanakula bodi kwa kutu na kuharibu soketi za nyaya. Leo harufu, kesho gari haliwaki.

Pima kabla ya kulipa

Mmoja amwagie gari maji kwa mpira, aanze chini akipanda juu, taratibu. Mwingine akae ndani na tochi. Inua kapeti, gusa sakafu, angalia sehemu ya tairi la akiba. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho: ukiona mstari wa tope, huenda gari liliwahi kuzama kwenye maji.

Umeshanunua, je?

Piga picha na video, kisha mtumie muuzaji ujumbe wa maandishi siku hiyohiyo. Simu peke yake haiachi ushahidi. Mwambie atengeneze, na muandikiane: tatizo ni nini, litakamilika lini, likirudi nani analipa.

Siku ya kulichukua, usiondoke kabla halijamwagiwa maji tena mbele yako. Kupaka silikoni juu ya raba iliyokufa ni kuficha tatizo. Na kapeti litolewe likaushwe, lisipuliziwe manukato tu.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa. Lakini kuna mitego. Kama ulilikagua gari, ni vigumu kudai ubovu ambao ukaguzi huo ulipaswa kuuonyesha. Mkataba unaosema "lichukue kama lilivyo" unaweza kukubana. Na ukikaa kimya muda mrefu, utahesabiwa umelipokea.

Kwa hiyo andika kwenye mkataba: "Gari halivuji maji." Dai risiti. Muuzaji akikudanganya, unaweza kulalamika Tume ya Ushindani (FCC) au kwenda mahakamani.

Kama unarudi kisiwani, mwachie ndugu yako ufunguo na kazi moja: kila baada ya mvua kubwa, afungue milango na aguse kapeti.