Msumeno wa Kukunja: Tuukague Kabla ya Kulipa



Mwaka juzi tulifika kijiji kimoja pembezoni mwa msitu, wilayani Sikonge, mkoa wa Tabora. Tulikuta kikundi cha warina asali wakijiandaa kwenda kambini. Mmoja wao alikuwa mzee mwenye mvi. Tulimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba, walimu wangu," akatupa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia aliuficha chini ya koti.

Baadaye akatuonyesha. Vidole vyake viwili vilikuwa na makovu makubwa, na kimoja hakikunji tena.

"Mnafikiri nilikatwa na shoka?" akauliza. "Hapana. Nimeshika shoka tangu utoto. Huu ni msumeno mdogo, ule wa kukunja. Ulijikunja wenyewe nikiwa nakata kuni. Ilikuwa siku ya pili kambini. Nilitembea tangu alfajiri mpaka jioni ndipo nikafika zahanati."

Msumeno ule aliununua mnadani. Ulikuwa unang'aa, na bei yake ilikuwa rahisi. Hakuufungua hata mara moja kabla ya kulipa. Basi, leo tujifunze namna ya kuchagua msumeno huu, ili yaliyompata mzee yasitupate sisi.

MSUMENO WA KUKUNJA NI NINI?

Ni msumeno mdogo wenye sehemu tatu. Ya kwanza ni bapa, yaani chuma chenye meno. Ya pili ni mpini wenye mfereji ndani yake. Ya tatu ni komeo, yaani kidude kinacholishika bapa lisirudi. Kazi ikiisha, bapa hukunjwa na meno huingia ndani ya mpini. Hapo unaweza kuutia mfukoni au katika mfuko wa safari bila kuchoma kitu.

Misumeno mingi ya namna hii haifiki nusu kilo. Shoka na mpini wake mara nyingi huzidi kilo moja. Mtu anayebeba unga, sufuria, maji na blanketi kwa mwendo wa siku nzima anajua tofauti hiyo.

Kambini msumeno huu una kazi nyingi. Unakata kuni kavu. Unakata fito za kibanda, vigingi, na kulabu za mti za kutundikia mizinga. Unakata sawasawa, wala hautupi vipande huku na huku. Tena hauinuliwi juu kama panga, kwa hiyo si rahisi kuteleza ukapiga mguu.

Lakini tusidanganyane. Msumeno huu haupasui gogo, na haufai kwa mti mkubwa. Kazi hizo ni za shoka.

MAMBO MATANO YA KUANGALIA DUKANI

1. Komeo. Hili ndilo la kwanza, kwa sababu ndilo lililomuumiza mzee wetu. Fungua msumeno mpaka usikie komeo likilia "ta!" Sasa shika mpini, vidole vikiwa mbali na mfereji. Weka mgongo wa bapa, yaani upande usio na meno, juu ya meza ya duka. Kandamiza taratibu. Bapa likianza kujikunja, rudisha msumeno kwa mwenye duka. Usikubali akikuambia eti utakaza ukizoea. Kisha litikise bapa kushoto na kulia. Likicheza kidogo, angalia kama kuna skrubu ya kukazia. Likicheza sana, liache.

2. Urefu wa bapa. Msumeno hukata ukienda na kurudi. Kama bapa ni fupi na mti ni mnene, meno hayapati nafasi ya kutembea na unga wa mbao hautoki. Kipimo chepesi ni hiki: mti usizidi nusu ya urefu wa bapa. Bapa la sentimita 20 linafaa kwa mti wa unene wa sentimita 10. Hizo ni kuni na fito za kawaida kambini. Bapa refu zaidi huongeza uzito, na ukilisukuma hupinda upesi.

3. Meno. Hesabu meno katika urefu wa sentimita 3. Ukipata kama 6 mpaka 8, hayo ni meno makubwa. Yanafaa kwa mti mbichi, maana mti mbichi una maji, na unga wake hunata. Ukipata 10 mpaka 13, hayo ni madogo. Yanafaa kwa mti mkavu na mgumu, na kwa kazi inayotaka mkato laini. Warina asali hukata zaidi kuni kavu, lakini fito huwa mbichi. Kwa hiyo meno ya kati yatawafaa.

Tazama tena meno kwa mbele. Katika misumeno mingi, jino moja limepinda kidogo kushoto na jingine kulia. Hivyo njia inayokatwa huwa pana kuliko bapa, na msumeno haukwami. Mingine haina meno yaliyopinda, bali mgongo wa bapa ni mwembamba kuliko upande wa meno. Hiyo nayo ni sawa. Kama hakuna hili wala lile, msumeno utabanwa ndani ya mti.

Mwisho, angalia meno yameelekea wapi. Yakielekea kwenye mpini, msumeno hukata unapouvuta. Hiyo ndiyo namna bora kwa bapa jembamba. Fikiria kamba: ukiivuta hunyooka, ukiisukuma hujikunja. Bapa nalo ni hivyo hivyo.

4. Je, unanoleka? Hapa wengi hupoteza fedha. Siku hizi misumeno mingi meno yake yamechomwa kiwandani kwa moto mkali sana yawe magumu. Utayatambua kwa rangi: ncha zake ni nyeusi au za samawati, na bapa lililobaki ni jeupe. Meno hayo hukaa na makali muda mrefu. Lakini yakiisha, tupa haiyapati, huteleza tu juu yake. Dawa yake ni kubadili bapa. Basi muulize mwenye duka: "Bapa la akiba unalo?" Kama hana, na wewe uko mbali na mji, tafuta msumeno wenye meno ya rangi moja na bapa. Huo utaweza kuunoa kwa tupa ndogo ya pembe tatu.

5. Mpini. Ushike kama unakata. Uenee mkononi na usiteleze hata mkono ukiwa na jasho. Rangi nyekundu au ya chungwa ni bora, maana msumeno ukianguka majanini utauona.

NAMNA YA KUKATA

Shikilia mti usicheze. Anza kwa kuvuta polepole mara mbili tatu, mpaka mfereji mdogo upatikane. Mkono mwingine uweke mbali na meno. Usikandamize kwa nguvu. Acha meno yafanye kazi. Kipande unachokikata kining'inie nje ya gogo la kuegemea. Kama mti umeegemea ncha zote mbili, ukikata katikati kutoka juu utaufunga na kuubana msumeno.

Kwa tawi zito, kata kwanza kidogo kutoka chini, halafu malizia kutoka juu. Usipofanya hivyo, tawi litaanguka na kuchuna gome la mti.

Ukimaliza, futa bapa. Utomvu uutoe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Likishakauka, lipake mafuta kidogo, kisha ukunje. Msumeno ukikunjwa na maji ndani yake, bawaba hushika kutu.

NENO KUHUSU MSITU

Kuwa na msumeno si kuwa na ruhusa ya kukata. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwa kukata miti katika hifadhi. Kabla ya kwenda, waulize watu wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kama ni msitu wa kijiji, iulize serikali ya kijiji. Na kwa kuni, tuokote miti iliyokwisha kuanguka. Kwanza huwaka vizuri. Pili, mti ulio hai ndio unaotoa maua, na bila maua hakuna asali.

Mzee wetu hakuacha kwenda kambini. Tulipoagana naye alikuwa na msumeno mwingine. Alitutolea, akaufungua kwa mkono wa kushoto, akaweka mgongo wa bapa juu ya mzinga na kukandamiza. Haukujikunja. "Huu niliujaribu dukani mpaka mwenye duka akachoka," alisema. "Akanuna. Nikamwambia, mwanangu, wewe nuna tu, lakini vidole ni vyangu."

Nasi tunasema hivyo hivyo. Tusione haya kukagua kitu tunachokilipia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini komeo liangaliwe kabla ya mambo mengine yote?
2. Bapa la sentimita 16 linafaa kwa mti wa unene gani?
3. Utajuaje kwamba meno ya msumeno hayanoleki kwa tupa?
4. Katika kijiji chenu, ni nani anayetoa ruhusa ya kukata fito msituni?