Kikombe Kilichomeguka: Namna Mapenzi Yanavyojengwa katika Ngano ya Televisheni

Wengi wetu katika kitivo hiki huangalia tamthilia za kigeni kwa simu, mara nyingi kwa Kifaransa, kisha kesho yake tunazisimulia kwa Kiswahili. Hapo ndipo sehemu za mapenzi hupata hasara. Saa nzima ya hadithi hubaki maneno matatu: alimpenda, akambusu, akafukuzwa. Makala haya yanachukua sehemu moja tu ya tamthilia moja na kueleza kilichomo ndani yake ambacho msimulizi wa haraka hukiacha njiani.

Sehemu hiyo ni "Skin Deep", ya 12 katika msimu wa kwanza wa Once Upon a Time. Ilionyeshwa na kituo cha ABC cha Marekani tarehe 12 Februari 2012, siku mbili kabla ya sikukuu ya wapendanao, na iliandikwa na Jane Espenson. Tamthilia yenyewe iliundwa na Edward Kitsis na Adam Horowitz. Watu wa ngano wamelaaniwa na malkia, wakatupwa katika mji wa siku hizi uitwao Storybrooke, wala karibu wote hawakumbuki walikuwa nani. Hivyo kila sehemu husimulia mambo mawili kwa pamoja: ya nchi ya ngano na ya mjini.

Ngano mbili katika chungu kimoja

Espenson amepika ngano mbili pamoja. Ya kwanza ni ya Kifaransa, La Belle et la Bête, iliyotolewa na Bi de Villeneuve mwaka 1740 na kufupishwa na Bi Leprince de Beaumont mwaka 1756. Ya pili ni ya Kijerumani, katika mkusanyo wa ndugu Grimm wa mwaka 1812: kibwana anayesokota majani makavu yakawa dhahabu, anayedai mtoto kama malipo, na anayeshindwa mara jina lake likijulikana. Katika "Skin Deep" mnyama wa ngano ya kwanza ndiye kibwana wa ngano ya pili. Anaitwa Rumplestiltskin, naye anachezwa na Robert Carlyle. Belle anachezwa na Emilie de Ravin.

Vita imefika mlangoni. Baba yake Belle anamwita Rumplestiltskin aokoe watu wake, naye anataja malipo: binti aende kumtumikia milele. Baba anakataa. Mchumba anakataa. Belle mwenyewe ndiye anayekubali. Tuliangalie jambo hili vizuri, kwa maana katika ngano nyingi binti hutolewa, na hapa anajitoa.

Kazi ya kikombe

Siku ya kwanza katika ngome, bwana anamtania Belle kwa maneno ya kutisha. Belle anashtuka, anaangusha kikombe, nacho kinameguka ukingoni. Anaomba radhi. Bwana anajibu kwamba ni kikombe tu.

Kuanzia hapo mapenzi yanaelezwa kwa kikombe hicho kuliko kwa maneno. Rumplestiltskin anapomfukuza Belle, anavunja vyombo vyake kimoja baada ya kingine, lakini kile chenye pengo kinamshinda kukivunja. Malkia anapomletea habari za uongo kwamba Belle amekufa, anakiweka mahali pa heshima. Mjini Storybrooke, ambako anaitwa Bwana Gold, nyumba yake inavunjwa na vitu vingi vinaibwa, naye anachotafuta ni kikombe. Mwishoni Malkia anamjia akiwa jela, anamwonyesha kikombe, na anadai ajitambulishe kwa jina lake la kweli. Analitaja. Jina ambalo katika ngano ya Grimm lilitolewa kwa hila, hapa linatolewa kwa sababu ya chombo kibovu.

Tazama Kiswahili kinavyotusaidia hapa. Tuna neno bei na tuna neno thamani. Sokoni Bunia, kikombe kilichomeguka hushuka bei, pengine hakinunuliwi kabisa. Katika hadithi hii, pengo lile lile linaloondoa bei ndilo linaloleta thamani. Anayetafsiri sehemu hii akichanganya maneno haya mawili atakuwa ameificha hadithi nzima.

Busu linaloishia njiani

Katika ngano ya Kifaransa, Belle akishatamka mapenzi yake, mnyama anageuka mwanamfalme na mambo yamekwisha. Hapa Belle anambusu bwana wake, uso unaanza kubadilika, kisha anajiondoa. Akisikia kwamba busu la kweli huvunja laana, anaamini Belle ametumwa na Malkia kumnyang'anya nguvu zake.

Kwa nini aogope namna hiyo? Jibu liko katika sehemu ya 8. Huko tunaambiwa kwamba mtu huyu alikuwa fukara, na kwamba alitafuta uchawi ili mwanawe aliyekaribia kutimiza miaka 14 asichukuliwe vitani. Nguvu zake zilianza kama kinga ya mtoto. Mtoto alimpotea, kinga ikabaki, na sasa hawezi kuivua hata mbele ya anayempenda. Nafikiri msomaji wa Ituri ataelewa hofu hiyo bila maelezo marefu. Kuielewa, hata hivyo, si kuihalalisha. Mjini Storybrooke Bwana Gold anampiga baba yake Belle kwa fimbo, akimlaumu kwa kifo cha binti, huku mwenye kumfukuza Belle ni yeye mwenyewe. Tamthilia inatuonyesha mtu anayeita hasira yake mapenzi, na inamaliza habari yake jela.

Ndugu yake wa Unguja

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Basi tufungue Swahili Tales, mkusanyo wa hadithi za Unguja uliotolewa na Edward Steere London mwaka 1870. Humo kuna kisa cha Sultani Darai. Hamdani, fukara anayechakura jaani, ananunua paa kwa thumni. Paa anamtafutia almasi, anamposea binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba na kumpatia nyumba yake. Halafu paa anaugua. Bwana aliyepata vyote anaagiza apewe uji wa chakula duni, tena kwa maneno ya dharau. Paa anafariki, na Hamdani anaamka tena jaani. Shukrani ya punda ni mateke.

Kikombe na uji vinafanya kazi moja. Hadithi zote mbili zinampima mtu kwa kitu kidogo cha nyumbani, wakati hakuna anayemlazimisha. Tofauti ni kwamba Hamdani anashindwa kwa sababu amesahau alikotoka, na Rumplestiltskin anashindwa kwa sababu hawezi kusahau.

Kwa hiyo, ukisimulia sehemu ya mapenzi, au ukiichambua darasani, usianze na busu. Uliza kwanza: ni kitu gani kinachoshikwa, kinaharibika lini, na nani anakataa kukitupa? Belle alipoondoka alimwambia bwana wake kwamba atajuta, kwamba atabaki na moyo mtupu na kikombe kilichomeguka. Mwisho wa sehemu ile Belle yu hai, amefungwa mjini humo humo, na mwanamume anayemlilia hana habari.