Wiki Moja Shikoku

Treni kutoka Okayama, Japani, huvuka bahari hadi kisiwa cha Shikoku juu ya daraja la Seto Ohashi, lililofunguliwa mwaka 1988, na kumshusha msafiri Takamatsu baada ya takribani saa moja. Hapo aanze na bakuli la udon, tambi nene za ngano, kisha azipande ngazi 785 za hekalu la Kotohira.

Wengi hulipita bonde la Iya mbiombio. Wanajinyima! Mabasi ni machache, hivyo heri kukodi gari na kulala huko. Daraja la Kazurabashi, mita 45, limesukwa kwa mimea itambaayo na husukwa upya kila miaka 3. Kila hatua, mto unaonekana chini kati ya mbao.

Siku zinazobaki ni za Kochi na Matsuyama, penye bafu za maji moto za Dogo Onsen, jengo la mwaka 1894. Katikati ya Agosti ngoma za Awa Odori hujaza hoteli za Tokushima. Chumba kiwekwe mapema.