Kiingereza cha mtoto hukwama kwenye neno dogo

Mwanza. Mtu akisema "baba alihama Sengerema" na mwingine akasema "baba alihamia Sengerema", hakuna mtoto wa Mwanza atakayechanganya mambo. Baba wa kwanza ameondoka huko, wa pili amekwenda kuishi huko. Tofauti yote imebebwa na herufi moja tu.

Kiingereza hakina herufi hiyo. Kitenzi hubaki kilekile, "moved", na kazi inafanywa na neno dogo linalokifuata: "moved from Sengerema" ni alihama, "moved to Sengerema" ni alihamia. Mtoto akikosea neno hilo, amemrudisha baba alikotoka.

Maneno hayo madogo huitwa vihusishi, na ndiyo yanayomsumbua mtoto ambaye tayari amekariri "go, went, gone" bila kosa. Anajua "went" ni wakati uliopita, ila hajui neno gani liandamane nalo.

Kosa hilo haliishii kwenye somo la Kiingereza. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha kuanzia kidato cha kwanza karibu masomo yote yanakuwa kwa Kiingereza. Mtoto anayeishi kando ya Ziwa Victoria anajua kuwa Mto Kagera unaingia ziwani na Nile inatoka ziwani kule Jinja, Uganda. Kwenye karatasi ya jiografia, kitenzi cha mito yote miwili ni kimoja. Kagera "flowed into the lake", Nile "flowed out of the lake". Akibadilisha maneno hayo madogo, amekosa swali ambalo jibu lake analijua. Kwenye baiolojia ni vilevile, maji yanapoingia au kutoka kwenye seli.

Kiswahili hubeba ndani ya kitenzi

Chanzo si uvivu wa mtoto. Kiswahili huweka mwelekeo ndani ya kitenzi chenyewe. Anayesema "aliingia" hahitaji neno jingine kuonyesha alielekea wapi. "Alimkimbia mbwa, akamkimbilia mama" inaeleweka hata kwa mtoto wa miaka mitatu, lakini Kiingereza kitasema "She ran away from the dog and ran to her mother". "Ran" ni moja, maneno ya nyuma yake ndiyo yanayotenganisha mbwa na mama.

Mahali napo Kiswahili kina njia yake fupi. Alifika Mwanza, alifika sokoni, alifika nyumbani: kitenzi hakitaki msaidizi. Kwa Kiingereza ni "arrived in Mwanza" kwa kuwa ni mji, "arrived at the market" kwa kuwa ni sehemu moja ndani ya mji, na "arrived home" bila neno lolote katikati. Wengi husema "arrived to", nalo ni kosa.

Usafiri pia una mtego. Kiswahili kinasema alipanda daladala na alipanda teksi, kisha akashuka. Kiingereza kinatazama chombo. Daladala na kivuko, ambamo mtu anaweza kusimama na kutembea, ni "got on" na "got off". Gari dogo la kuinama na kukaa ni "got into" na "got out of".

"Kwa" moja, kazi nyingi

Neno linaloleta makosa mengi ni "kwa". Mchuuzi wa Mwaloni, Kirumba, alikata samaki kwa kisu. Abiria alivuka kwa kivuko cha Kamanga. Mwanafunzi alirudi kwa miguu, mwenzake alikwenda kwa mjomba, akakaa huko kwa siku mbili. "Kwa" ni ileile mara tano, lakini Kiingereza kinataka "cut with a knife", "crossed by ferry", "returned on foot", "went to his uncle's" na "stayed for two days".

Mtoto aliyefundishwa kwamba "kwa" ni "by" ataandika kuwa samaki alikatwa "by a knife", kana kwamba kisu kilijiamulia chenyewe. Hata tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, maneno yamebadilika pamoja na safari. Aliyezoea kuandika "We crossed by ferry" sasa anaandika "We drove across the bridge".

Neno likibadilika, maana inahama

Kuna vitenzi ambavyo neno dogo hugeuza maana yote. "She looked at the child" ni alimtazama mtoto. "She looked for the child" ni alimtafuta. "She looked after the child" ni alimtunza. Kiswahili kina vitenzi vitatu, Kiingereza kinatumia kimoja na kubadilisha mkia.

Vilevile, "He threw the ball to me" maana yake alinirushia nidake, lakini "He threw the ball at me" maana yake alitaka kunipiga. Mwalimu akisoma sentensi ya pili kwenye daftari la mtoto, anaweza kudhani kulikuwa na ugomvi.

Vipo pia vitenzi visivyotaka neno lolote. "They discussed the matter", si "discussed about". "He entered the house", si "entered into". "We reached Nansio", bila chochote kati yake. Na aliyeoa "married her", si "married with her".

Mzazi afanye nini

Wazazi wengi walioishia darasa la saba hujiona hawana la kumsaidia mtoto. Wanacho, nacho ni Kiswahili chao. Mtoto akisimulia jana yake, mzazi amuulize kwa Kiswahili: ulitoka wapi, ukaelekea wapi, kwa chombo gani, na nani, siku gani? Kila jibu ni mahali ambapo Kiingereza kitadai neno dogo. Kisha mtoto aandike simulizi hiyohiyo kwa Kiingereza, sentensi tano tu.

La pili ni daftari. Badala ya orodha ya "wait, waited", aandike kitenzi pamoja na mwenzake ndani ya sentensi nzima: "I waited for my mother", "We listened to the teacher". Kiswahili husema nilimsubiri na tulimsikiliza bila neno la ziada, ndiyo maana "for" na "to" husahaulika.

Siku na saa viwe na ukurasa wao: "on Saturday", "in June", "at nine o'clock", na "yesterday" bila kitu. Mzazi akumbuke pia kuwa saa 3 asubuhi ya Kiswahili ndiyo hiyo "nine o'clock in the morning". Mtoto akiandika "three o'clock", safari ya asubuhi imekuwa ya alasiri.

La mwisho, asichekwe. Mtoto anayechekwa nyumbani huanza kuandika sentensi fupi zisizo na hatari, na hizo hazimfikishi mbali kidato cha pili. Akikosea, arudishwe kwenye lugha anayoimudu. Kumuuliza "Alihama au alihamia?" kunatosha kumkumbusha kuwa "moved" yake bado inasubiri neno moja.