Kijiji cha Laxton: Mashamba Yasiyo na Ua

Leo tutakwenda Uingereza, wala si London penye majumba makubwa. Tutakwenda shamba, katika kijiji kidogo kiitwacho Laxton, jimbo la Nottinghamshire.

Ukifika Laxton utaona nyumba za wakulima zimepangana kando ya njia za kijiji, karibu na kanisa la kale la mawe. Mashamba yako nje, nayo hayana ua. Mashamba makubwa ni matatu. Kila moja limegawanywa vipande virefu, na kila mkulima ana vipande vyake huku na huku. Kwa hiyo hakuna apataye udongo mzuri peke yake, wala hakuna aachiwaye mbaya mtupu.

Sasa sikilizeni namna wanavyolima. Shamba la kwanza hupandwa ngano kabla ya baridi kali. La pili hupandwa mazao mengine, kama shayiri, baridi ikiisha. La tatu hupumzishwa, au huachiwa majani ya mifugo, ili udongo upate nguvu. Mwaka ufuatao zamu hubadilika, na wote hufuata zamu hiyo moja.

Je, mtu akisogeza plau yake akala mpaka? Ninyi mnajua ugomvi wa mipaka ulivyo mchungu. Watu wa Laxton wana dawa yake. Kila mwaka, mwisho wa Novemba, wazee kumi na wawili na mkubwa wao hulizunguka shamba la ngano. Hupigilia vigingi vya mipaka, tena hutazama ni nani aliyelima njia au majani ya wote, na ni nani asiyezibua mtaro wake. Juma lifuatalo baraza hukutana katika nyumba ya wageni ya kijiji, na mwenye kosa hutozwa faini. Fedha yenyewe ni kidogo, lakini kutajwa mbele ya majirani si jambo dogo.

Zamani vijiji vingi vya Uingereza vililima hivi. Lakini kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,000 za kugawa mashamba ya namna hii na kuyazungushia ua. Wenye ardhi kubwa walifaidika. Maskini wengi walipoteza mahali pa kulishia ng'ombe na kuokotea kuni, wakawa vibarua au wakahamia mjini.

Laxton ilisalia. Ramani yake ya mwaka 1635, ionyeshayo kila kipande na mwenyewe, imehifadhiwa Oxford. Mwaka 1952 Wizara ya Kilimo ilinunua ardhi ya kijiji ili desturi isife. Bunge lilipoondoa kazi za mabaraza ya namna hii mwaka 1977, baraza la Laxton liliachiwa kazi yake. Mwaka 2020 ardhi iliuzwa tena, kwa wenye ardhi wa Thoresby walio jirani, na baraza likaendelea.

Lakini msidhani kwamba hakuna kilichobadilika. Mashine kubwa zataka nafasi, basi vipande vimeunganishwa, vikawa vipana na vichache kuliko zamani. Desturi itadumu maadamu wapo wakulima walio tayari kuifuata.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini vipande vya mkulima mmoja havikai pamoja?
2. Wazee hutazama mambo gani shambani?
3. Kwenu, ni nani huamua ugomvi wa mpaka?