Sindano ya ganzi: usingoje jino litunge usaha

Wagonjwa wengi tunaowatibu Likoni, Kisauni na Changamwe huiogopa sindano ya ganzi wakidhani itawapoteza fahamu. Sivyo. Dawa inayotumika sana, lignokeini, iliyobuniwa Uswidi mwaka wa 1943, hutia ganzi sehemu ile tu inayohitajika.

Habari ya maumivu hupita kwenye neva pindi chembechembe za sodiamu zinapoingia kupitia vijilango vidogo. Dawa hii huviziba vijilango hivyo, na habari haifiki kwenye ubongo. Mgonjwa hubaki macho, na pengine huhisi kusukumwa tu. Ganzi huisha baada ya saa chache. Ndiyo hutumika kung'oa jino, kushona kidonda na kutahiri.

Lakini penye usaha huwa na asidi nyingi, na dawa hushindwa kupenya neva barabara. Ndiyo maana anayengoja hadi shavu livimbe huenda akaumia zaidi anapotibiwa.

Jino likianza kuuma, nenda mapema. Mweleze daktari ikiwa una ugonjwa wa moyo au kifafa, au ikiwa sindano ya ganzi iliwahi kukudhuru.